Mayai ya Namba Thelathini na Moja

Madame Christiane alikataa kupanda pikipiki. Alitembea kwa miguu toka kwenye kinamasi cha upande wa Panda mpaka mtaa wa Kikula, Likasi, saa mbili na ushee juani, ndoo ya plastiki ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba uji wa moto. Vijana wa pikipiki walimcheka, wakamwambia mchanga hauvunjiki. Yeye alikuwa akitazama tu pale mguu wake utakapokanyaga. Alipofika kwenye lango la Maman Angèle, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni, lakini ndoo haikuwa imeinama hata kidogo.

Ndani ya ndoo kulikuwa na mchanga mbichi wa mto, na ndani ya mchanga mayai kumi na moja ya kobe wa maji.

"Jambo, Maman."

"Jambo, Madame. Usiingie kwanza. Viatu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ua ule. Angèle alikuwa mfuga kuku, na mfuga kuku wa Likasi huogopa viatu vya wageni kuliko wezi, maana viatu hutoka sokoni na sokoni hutoka magonjwa yote ya kuku. Mbele ya lango palikuwa na karai la maji ya dawa. Christiane akavua viatu kisigino kwa kisigino, ndoo bado kifuani, akachovya nyayo.

"Nini ile?"

"Mayayi ya nkuvu, Maman. Ya trente-et-un."

Nkuvu ndilo jina wanalomwita kobe wa maji, yule mwenye kipande cha gamba tumboni anachokifunga kama mlango akisharudisha kichwa ndani. Kalenga, mumewe Angèle, alikuwa na miaka tisa ya kuwaandika. Kila aliyempata alimkata alama ndogo ya tupa pembeni mwa gamba, akamtia namba kwenye daftari, akamrudisha majini. Namba thelathini na moja alikuwa jike mkubwa kuliko wote, na wa mwisho kuandikwa.

"Camion imemukanyaga leo asubuhi," Christiane akasema, akielekeza kidevu barabara ya malori. "Alisha kutaga, alikuwa anarudia ku mayi ya kinamasi. Na kesho machine inakuya pa kuchimba mufereji palepale. Mwaka hii tuliona shimo moja tu ya mayayi, Maman. Moja. Njo hii."

"Na minye nifanye nini?" Angèle akauliza, ingawa mikono yake ilikwisha kunyooka kuipokea ndoo.

Alikuwa na sababu yake. Kwa miaka tisa alimcheka mumewe. Mtu mzima, mvuvi aliyelelewa kando ya Lufira, anaacha nyavu zake ili alinde wanyama ambao baba yake mwenyewe aliwala kwa ugali wao wa bukari! Kazi bila mshahara, ila zile buti za mpira alizopewa na chama chao kidogo cha kulinda nkuvu, yeye na Madame huyu mwalimu wa biolojia. Angèle alikuwa akimwita "bwana wa nkuvu" mbele ya watu, na watu wakicheka, na Kalenga akicheka pamoja nao huku akivuta buti zake miguuni. Kisha mwanzoni mwa Februari tension, presha ya damu, ikamwangusha Kalenga uani, mswaki mkononi. Upande wa kulia ukafa. Ulimi nao ukafa. Daktari wa kituo cha afya alimmulika machoni, akasema akili haiko tena, wampeleke nyumbani wamlishe vizuri wasubiri Mungu. Sasa alikuwa amelala chumba cha mbele, na Angèle angetoa chochote ili ayarudishe yale maneno yake kinywani. Alipoona ndoo ile aliona mahali pa kuombea msamaha.

"Nitaizalisha minye," akasema. "Yote kumi na moja. Papa Shekina ataiona na macho yake." Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, kwa jina la binti yao.

Christiane akapumua. "Aksanti, Maman. Basi nikuonyeshe kidogo namna ya—"

"Weye? Unionyeshe minye mayayi?"

Hapo Angèle alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa. Hakuna aliyemzidi kwa mayai Kikula nzima. Watu walimletea ya bata, ya bata mzinga, ya kanga aliyekimbia kiota, naye akawarudishia vifaranga. Ilikuwa ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo ambayo haikutoka kwa mume wala kwa kanisa. Akageukia ua wa jirani.

"Orpa! Orpa, kuya usikie! Huyu mutoto anatoka kule pa kunifundisha namna ya kulalisha mayayi!"

Maman Orpa hakuhitaji kuitwa mara mbili kwenye jambo la kucheka. Alitokeza kichwa juu ya ukuta, akacheka kabla hajaelewa. Na Angèle, alipoona ana watazamaji, akaongeza la kuongeza: "Na weye mwenyewe hauyazala hata moja, Madame. Unajua nini ya kuzalisha?"

Christiane alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa na mume. Uso wake ukabadilika, kisha ukafungwa. Akaiweka ndoo chini taratibu, akahakikisha imekaa sawa. "Muchanga isikauke, Maman," akasema tu. "Na moto isipite kipimo." Akaingia kumsalimu Kalenga, akakaa naye dakika mbili, akavaa viatu vyake langoni, akaenda. Neno lililomtembeza saa mbili juani alirudi nalo.

*

Chumba cha vifaranga kilikuwa nyuma ya jiko, cha matofali, kidirisha kimoja. Angèle alihamisha vifaranga wote kwenye kona, akawazungushia wavu, akaweka beseni pana katikati, akatandika mchanga, akayachomoa mayai ndooni moja moja kwa vidole vitatu. Yalikuwa marefu kidogo, meupe, ganda laini kama ngozi. Juu ya kila yai palikuwa na nukta ya penseli.

"Kumbe anajua kidogo," akajisemea, na akamhurumia Madame kwa mara ya kwanza siku ile.

Maana alama ile aliijua tangu utoto. Kuku akilalia, huyageuza mayai kwa mdomo mchana na usiku, ili kifaranga kisigande kwenye ganda. Mtu anayelalisha mayai bila kuku lazima amfanyie kuku kazi hiyo, na ili asisahau lipi limegeuzwa hutia alama upande mmoja. Mama yake Angèle, aliyelelewa katika kambi ya wafanyakazi waliotoka Kasai, alitumia makaa: msalaba huku, upande mwingine wazi. Basi Angèle akachukua kipande cha makaa akatia msalaba upande wa chini wa kila yai, mkabala wa nukta. Asubuhi msalaba juu. Mchana nukta juu. Jioni msalaba tena, na kesho yake kinyume. Hakuruka hata siku moja, na hakumruhusu binti yake Shekina ayaguse.

Kila asubuhi alibeba beseni mpaka chumba cha mbele, akaliweka kwenye kiti kando ya kitanda cha Kalenga. Alitaka ayaone. Alimwinua kichwa kwa mto wa pili, akaanza kuyageuza mbele yake, moja baada ya jingine, akimwimbia kidogo wimbo wa kanisani.

"Ona, Papa Shekina. Mayayi ya trente-et-un. Minye njo nayachunga sasa. Bibi ya bwana ya nkuvu."

Kalenga akatoa sauti. Tangu aanguke alikuwa hajatoa sauti kubwa hivyo, mngurumo toka kifuani, na mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, ukaanza kupiga ubao wa kitanda. Pa. Pa. Pa. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

Angèle alilia pia, kwa furaha. Alimfuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ndiyo. Ndiyo, mume wangu. Itatoka yote."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Akiinua yai la kwanza, Kalenga huanza kunguruma, na akimaliza la kumi na moja hunyamaza, amechoka, jasho limemtoka. Wiki ya pili Shekina, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na macho makali, alisimama mlangoni akatazama kwa muda.

"Mama, ninaona papa hafurahie."

"Unajua nini?"

"Angalia mukono. Kama muntu mwenye kukataa."

"Mukono ya mugonjwa ya paralysé inajipigaka yenyewe. Daktari alisema akili haiko tena."

"Kama akili haiko, basi anafurahi na nini?"

Mama aliyebanwa hivyo huwa na kazi ya kumpa mtoto. Akamtuma akachote maji.

*

Machi ilikuwa ya mvua na ya giza. Umeme ulikatika siku nne mfululizo, taa ya vifaranga ikazimika, na Angèle alikuwa na babula moja tu, lile jiko dogo la makaa, ya kupasha moto chumba kile. Kuipeleka kwa vifaranga ilikuwa kuyaacha mayai yapoe. Aliiweka kando ya beseni. Siku ya tatu akaokota vifaranga tisa waliokauka kwenye kona, akawatia kwenye mfuko, akaufunga fundo. Hao walikuwa wa kuuzwa Pasaka.

Maman Orpa alikuja kuomba yai moja. Mjukuu wake alikuwa na kikohozi kisichoisha, na kila mtu aliambiwa na bibi yake kwamba yai la nkuvu ni dawa ya kifua.

"Moja tu, Angèle. Uko nayo kumi na moja."

"Haiko yangu."

"Iko ya nani? Ya mutu mwenye haongee tena?"

"Njo yake."

Orpa akatikisa kichwa, akaenda, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umempa Angèle jina jipya. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani walimwita Mama Nkuvu, wakacheka vilevile alivyokuwa akicheka yeye. Kwenye ibada ya Jumapili mtu alimwachia nafasi pana kwenye benchi, eti asije akawa na mchanga nguoni. Alirudi nyumbani uso unamwaka. Lakini alipofika alimsimulia Kalenga yote, akajikuta anatabasamu, maana hatimaye alikuwa anakula kidogo katika sahani aliyomlisha mumewe miaka tisa.

Siku ya ishirini na kitu Christiane alikuja. Angèle hakumfungulia lango. Homa ya kuku ilikuwa imeingia mtaa wa Shituru, alisema, na hiyo ilikuwa kweli, lakini pia alikuwa anaona haya kwa yale maneno ya siku ile, na ilikuwa rahisi kulaumu homa. Wakazungumza kupitia mabati ya lango.

"Ziko namna gani, Maman?"

"Muzuri. Iko mu mikono ya mwenye anajua."

"Ningepita niangalie dakika moja—"

"Viatu, Madame. Homa."

"Nitavua viatu."

"Kuya siku ya kutoka. Utaikuta inatembea."

Christiane alikuwa amemletea Kalenga kifurushi cha machungwa. Akakipitisha juu ya lango, Angèle akakipokea. Wote wawili wakasema aksanti.

*

Siku ya sitini ilipita. Aprili ikaisha, baridi ya asubuhi ikaanza kushuka, mbuga ng'ambo ya mji zikaanza kuwa za manjano. Angèle aliacha kuimba. Mwanzoni kabisa, siku zile za kwanza, aliona kila yai lina doa jeupe zaidi, kama chokaa, chini ya nukta, na akasubiri lienee kama yalivyo mambo yote yanayokua. Halikuenea. Aliambia moyo wake kwamba nkuvu ni mnyama wa polepole.

Siku ya sabini akafunga mlango wa chumba cha vifaranga, akaziba kidirisha kwa gunia, akashika yai moja mbele ya tochi ya simu, vile anavyopima mayai ya kuku. Alitafuta mishipa, kivuli, kitu kinachojongea. Ndani mlikuwa na rangi ya njano, na kidoa cheusi kilichotuama chini kama uchafu wa chai. La pili hivyohivyo. La tano lilikuwa na harufu. Hakupima la sita. Alikaa chini sakafuni kati ya kuku wake na akahisi aibu ya mtu aliyejisifu.

"Shekina," akaita baadaye, kwa sauti ndogo. "Uende uite Madame Christiane. Umwambie... umwambie Maman anamuomba."

Christiane alikuja na pikipiki. Langoni akaanza kuvua viatu. Angèle akamshika mkono, akamwambia aache, apite tu. Walikwenda nyuma ya jiko. Christiane akachuchumaa mbele ya beseni. Hakushika kitu. Alitazama tu, na Angèle aliyesimama nyuma yake akaona mabega yake yanashuka.

"Maman. Nani aliandika hii misalaba?"

"Ni minye."

"Pa kufanya nini?"

"Pa kugeuza. Weye uliweka point, minye niliweka musalaba. Asubuhi, midi, mangaribi. Sikuruka hata siku moja, Madame, ninaapa. Uliza Shekina."

Christiane akavuta beseni karibu. Alichukua lile lililokuwa na harufu, akalichana kwa ukucha kwenye kipande cha kigae. Kilichokuwamo kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, kimejikunja, chenye madoa mawili meusi ya macho. Kilikuwa na umri wa siku chache tu. Kilikuwa kimekufa tangu Machi, na Angèle alikuwa amekipasha moto miezi miwili.

"Nkuvu haiko sawa nkuku," Christiane akasema polepole, macho chini. "Nkuku anageuzaka mayayi. Nkuvu anayatia mu shimo, anafunika, anaenda. Hakuna mwenye anayagusa tena. Siku moja ikipita, mutoto anajibandika juu, pa ganda. Palepale pa doa nyeupe. Ukimugeuza, anakatika, anakufa. Ile point yangu ilikuwa pa kusema: huku juu, tout le temps, siku zote."

"Tout le temps," Angèle akarudia.

"Njo sababu nilikataa pikipiki."

Nje kuku mmoja alikuwa anajisifu kwa yai alilotaga. Angèle aliiangalia mikono yake. Ilikuwa mikono ileile.

"Nilipashwa kukuambia," Christiane akasema, na sasa alikuwa analia. "Neno moja tu. Uliponicheka mbele ya ule mama, nilikasirika. Nilisema, basi, aone mwenyewe. Kisha nikarudia, haukufungua, nikasema tena, basi. Minye pia, Maman. Ilikuwa ya mwisho, na nilisema basi."

"Hapana. Ni minye nilikufunga kinywa."

"Nilizani hata kama weye haujue, Papa Kalenga iko ndani ya nyumba. Nikasahau kama haongee. Maana yeye anajua! Mwaka ile tulihamisha mayayi ku Mwadingusha, nilikuwa naigeuza kidogo tu pa kuangalia, akanikamata mukono hivi, akaniambia, 'Hapana, Madame, hapana—'"

Akanyamaza, kwa kuwa Angèle alikuwa ameshika ukuta.

Asubuhi sabini. Alikuwa amelibeba beseni asubuhi sabini, akaliweka palepale mbele ya macho yake, akainua kichwa chake kwa mto ili aone vizuri. Akayaua mbele yake taratibu, moja moja, huku anamwimbia. Na yeye alipolia na kupiga ubao na kunguruma mpaka jasho likamtoka, alimfuta machozi, akamwambia ndiyo, mume wangu, ndiyo.

"Alikuwa ananiambia," Angèle akasema. "Ee Mungu wangu. Kila siku alikuwa ananiambia."

*

Walikwenda chumba cha mbele wote watatu, Shekina nyuma. Kalenga alikuwa macho. Aliangalia mikono ya mkewe kama ina beseni, akaona haina, akamwangalia Christiane. Christiane akapiga magoti kando ya kitanda, uso karibu na uso wake, na akafanya jambo ambalo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amelifanya tangu Februari. Alimuuliza.

"Papa Kalenga. Kama unanisikia, ufunge macho."

Kalenga akafunga macho. Akafungua, akamtazama.

Shekina akapiga ukelele, akajiziba mdomo kwa viganja. Christiane akauliza tena, ili asije akawa amebahatisha: je, yeye anayeuliza jina lake ni Élysée? Macho yalibaki wazi. Jina lake ni Christiane? Yakafungwa. Hapo Christiane naye akashindwa kujizuia, akaweka paji la uso kwenye ubao wa kitanda.

Aliondoka kabla ya saa kumi. Alitaka kuyachukua yale mayai akayafukie kando ya kinamasi, lakini Angèle aliomba ayazike yeye, na akamwomba jambo lingine, kwa shida, kama mtu asiyezoea: kama mwaka kesho atapatikana nkuvu mwingine, hata mmoja, amwite aje aone namna wanavyofanya. Ashike ndoo tu. Christiane alisema watatafuta. Hakusema kwamba watapata, na Angèle hakumlazimisha.

Saa chache za mchana zilikuwa bado zimebaki. Shekina alikuwa uani akiosha sahani huku akilia. Angèle akavuta kiti kilichokuwa kikikaliwa na beseni, akakikalia yeye.

"Papa Shekina. Nitakuuliza. Ukifunga macho, ni ndiyo. Ukiacha, ni hapana. Umesikia?"

Akafunga.

"Uko na kiu?"

Wazi.

"Njaa?"

Wazi.

"Unaumia?"

Akafunga.

"Kichwa? Tumbo? Muguu? Mugongo?"

Kwenye mgongo akafunga. Angèle akampindua kwa upole, akampandisha shati, na chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na godoro, akakuta kidonda kipana kama kiganja cha mtoto, kimeanza kula nyama. Kilikuwa na siku nyingi. Alimwita Shekina alete maji ya moto na chumvi. Waliosha, wakakausha, wakaweka kitambaa safi, na Angèle akampanga kwa mito alale kwa ubavu, uso upande wa kiti. Kalenga akapumua kwa kina. Kisha Angèle akamwambia Shekina atoke afunge mlango.

"Siku ile daktari anasema akili yako haiko tena. Ulisikia?"

Akafunga.

"Na nilikuwa nakuita bwana wa nkuvu, bantu banacheka. Na weye pia ulikuwa unacheka. Ilikuwa inakuuma?"

Akafunga.

Angèle akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alikuwa amelijua hilo miaka yote tisa. Lililobaki aliliogopa, na alilizungusha mdomoni muda mrefu, akanyoosha shuka ambayo ilikuwa imenyooka, akamfuta Kalenga mate ambayo hayakuwapo.

"Uko na hasira na minye?"

Macho ya Kalenga yalibaki wazi. Yalibaki wazi kiasi kwamba tumaini likaanza kumpanda kifuani, na akalionea aibu tumaini hilo. Kisha akayafunga. Akayakaza, mpaka mikunjo ikatokea kwenye mashavu, upande ulio hai na hata kidogo upande uliokufa, asije mkewe akadhani amepepesa tu.

"Aksanti," Angèle akasema, na alisema kwa moyo wake wote. Kwa miezi mitatu alijijibu mwenyewe kwa niaba yake, na kila jibu lilikuwa tamu, na hakuna hata moja lililokuwa la Kalenga. Hili lilikuwa lake. Akajifuta uso kwa kitenge, akasogeza kiti karibu zaidi, akamuuliza swali lingine.